Mbwa kafungua kitasa baada ya kuniona: ameniiga kweli au kabahatisha?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nina mbwa dume wa miaka miwili, nimemlea mwenyewe tangu mdogo. Wiki iliyopita nimemkuta kasimama kwa miguu ya nyuma mlango wa jikoni, kaweka mguu juu ya kitasa, kakishusha, mlango ukafunguka akatoka zake. Sijawahi kumfundisha hiyo. Alafu kila nikichimba kupanda maua na yeye anakuja kuchimba pembeni yangu, nikiingia ndani anafukua hata yale niliyopanda. Mume wangu anasema mbwa hana akili ya kuiga, ni bahati tu. Mimi naona ananiiga kabisa. Nani yuko sahihi? Na kama anaiga kweli, naweza kuitumia hiyo kumfundisha vitu vingine?

JIBU: Dada yangu, asante sana kwa swali hili, na nimefurahi kwamba unamwangalia mbwa wako kwa makini hivyo manake wengi wanamwona tu akiharibu. Jibu fupi ni kwamba mbwa wanaiga watu, limepimwa mara nyingi na limeonekana, kwa hiyo hapo shemeji hayuko sahihi. Ila kwa haya mawili uliyoleta, la maua sidhani kama ni kuiga hata kidogo, na la kitasa ni nusu kwa nusu, ngoja nieleze maana hapo ndo kuna mambo mazuri.

Sisi tukisema mbwa "kaniiga" tunachanganya vitu kadhaa tofauti. Anaweza kuwa amejifunza kwako mahali tu, yaani kwamba pale ndo penye mambo. Anaweza kuwa amejifunza matokeo, kwamba lile dude linasogea na likisogea kinapatikana kitu, alafu namna ya kulisogeza akaitafuta mwenyewe. Na anaweza kuwa ameona tendo lako lenyewe akalirudia kwa mwili wake, hiyo ya mwisho ndo kuiga hasa. Zote ni kujifunza kwa kutazama, hakuna ya kudharau, ila ukitaka kumfundisha au kumzuia lazima ujue ni ipi.

Sasa kitasa. Fikiria kwa siku unapita mlango ule mara ngapi, na kila ukipita mkono wako unaenda pale pale, alafu mlango unafunguka. Mbwa anayetaka kutoka nje hana kitu kingine cha kuangalia zaidi ya hicho. Kwa hiyo mahali kapajulia kwako, hilo mi sina shaka nalo. Lakini kushusha kwenyewe kunaweza kuwa kumekuja hivi: anaruka, anaparua mlango karibu na kitasa, anaparua tena kesho, siku moja mguu unanasa pale juu, uzito wake unakishusha, mlango unaachia, akajikuta nje. Hapo amelipwa malipo makubwa kuliko chakula chochote, hasahau tena. Kaangalie mbao za mlango chini na pembeni ya kitasa. Ukikuta mikwaruzo mingi, mingine ya zamani mingine mipya, ujue kajaribu sana kabla ya kufanikiwa. Ukikuta mlango msafi na mkwaruzo mmoja tu juu ya kitasa, basi dada huyo mbwa kaja moja kwa moja akijua anachotaka kufanya, na hapo nitakubaliana na wewe.

Shemeji asijisikie vibaya, manake kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walikuwa upande wake. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliwafungia paka na mbwa kwenye masanduku yenye vifungo, akawaacha waone mwenzao akijifungulia, akaona kuwatazama wenzao hakujawasaidia kitu, akahitimisha kwamba hawaigi. Na neno lake lilikaa miaka na miaka. Mi naona tatizo kubwa la kazi ile ni mazingira, mnyama umemfungia, ana njaa, ana hofu, anahangaika kutoka, huyo atatulia saa ngapi amwangalie mwenzake? Hata mtoto wa shule hajifunzi hivyo.

Mambo yalianza kubadilika pale watafiti wa chuo kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, Hungaria, walipoamua kumsoma mbwa wa nyumbani akiwa na bosi wake, sio mbwa wa kwenye kizimba. Akina Vilmos Csányi na Ádám Miklósi walianza kazi hiyo 1994. Moja ya majaribio yao, lilitoka 2001 likiongozwa na Péter Pongrácz, nalipenda sana kwa sababu ni rahisi. Wanaweka uzio wa waya wenye umbo la V, mbwa yuko nje kwenye ncha, kitu anachokitaka kiko ndani kwenye kona, anakiona kabisa lakini ili akipate inabidi kwanza akiache, azunguke mbali, aingie kwa upande ulio wazi. Kwa mbwa hiyo ni ngumu, anakomaa kuchimba chini ya waya. Akiachwa peke yake anahitaji kujaribu kama mara tano au sita ndo aanze kuzunguka haraka. Akimwona mtu anazunguka ule uzio, anaboreka mapema zaidi, hahitaji kuhangaika mara zote hizo.

Alafu 2004 wakagundua kitu ambacho mi nakiona ndo muhimu kuliko vyote kwa mtu wa kawaida nyumbani: yule mtu anayeonyesha akizunguka kimya kimya, mbwa hapati faida ya maana. Akizunguka huku anaongea na mbwa, anamwita jina, anamtupia macho, mbwa anajifunza. Yaani mbwa anachukua somo akiona ni lake. Nimeona mwenyewe kwa mbwa ninaowafundisha, unaweza kufanya kitu mara kumi mbele yake akawa anaangalia nzi, ukamwita jina kwa sauti ya upole ukafanya mara moja tu, kichwa kinainama upande, macho yametulia kwenye mkono wako, hapo unajua kaingia darasani.

Lakini uzio unaonyesha njia tu, bado shemeji anaweza kusema mbwa kafuata mahali. Ndo nikupeleke kwa mbwa mmoja anaitwa Philip. Huyu alikuwa dume wa miaka minne, aina ya Tervueren wa Ubelgiji, amefundishwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. József Topál na wenzake walimfundisha kanuni moja: nikifanya kitu alafu nikasema neno fulani, na wewe fanya hicho hicho. Walianza na matendo 9 aliyokuwa anayajua, kama kujizungusha na kuruka, alafu wakamfanyia vitu ambavyo hawakumfundisha kwa kanuni hiyo. Walifika mpaka mtu kuchukua chupa sehemu moja kuipeleka nyingine, na Philip anabeba chupa ile ile anaipeleka pale pale. Kazi hiyo ilichapishwa 2006. Njia yenyewe sio mpya, Keith na Catherine Hayes waliitumia kwa sokwe waliyemlea nyumbani huko Marekani, wakaandika 1952, ila kwa mbwa ilikuwa kitu kingine kabisa. Kwanza mbwa hana mikono! Inabidi aone mkono wako umebeba chupa, alafu atafsiri kwamba kwangu mimi hiyo ni kazi ya mdomo. Ukikaa ukalifikiria hilo utamwangalia mbwa wako kwa jicho jingine.

Baadaye Claudia Fugazza, Mtaliano anayefanya kazi na Miklósi pale Budapest, akauliza: je mbwa anakumbuka alichokiona au anarudia tu kwa vile bado kiko mbele ya macho? Wakachukua mbwa 8 wa majumbani, wakawaonyesha tendo, alafu wakawasubirisha, wengine wakapelekwa nyuma ya kizuizi wakachezeshwa wasahau. Kwa matendo waliyozoea walirudia hata baada ya dakika 10, kwa tendo jipya kabisa baada ya dakika 1. Na 2016 wakaja na lingine la kushangaza zaidi. Mbwa 17 walizoeshwa kwamba mtu akimaliza kuonyesha, wewe unalala chini tu. Kwa hiyo hawakuwa na sababu yoyote ya kushika kichwani alichokifanya mtu. Alafu siku moja ghafla, baada ya dakika moja au hata saa nzima, wanaambiwa "fanya kama nilivyofanya". Na wengi waliweza, ingawa kadri muda unavyokuwa mrefu ndo wanavyopungua kupatia. Maana yake hata pale ambapo hujui kama anakuangalia, na yeye mwenyewe hajui kama kuna mtihani, kuna kitu kinabaki.

Na kuna upande wa mapenzi, huu unanigusa sana. Vienna, Austria, Ludwig Huber na wenzake walikuwa na sanduku lenye mlango wa kusukuma pembeni na chakula ndani, na ukutani karibu yake kuna madoa ya rangi. Bosi wa mbwa anakwenda kwanza anagusa madoa kwa pua, tendo lisilo na maana yoyote, ndo anakuja kufungua mlango. Matokeo ya 2018, karibu nusu ya mbwa na wao waligusa madoa. Walijua chakula kiko wapi, wengine waligusa hata baada ya kukila, ila walifanya kwa sababu mtu wao kafanya. Miaka miwili baadaye wakarudia ila anayeonyesha ni mtu asiye wao, na wanaoiga upuuzi ule wakapungua sana. Watoto wa binadamu nao wanafanya hivyo hivyo, wanaiga hata visivyo na kazi kutoka kwa wanaowapenda. Kwa hiyo ukiniuliza mbwa anaiga kwa ajili ya nini, mi nasema sio chakula peke yake, kuna kutaka kuwa pamoja na wewe.

Hata kwa wadogo liko. 2023 timu ya Fugazza ilionyesha kwamba watoto wa mbwa wanarudia matendo ya mtu wenyewe tu, bila kufundishwa na bila kupewa chakula, wakati watoto wa paka na wa mbwa mwitu hawakuwa hivyo. Na Afrika Kusini huko nyuma, 1997, Slabbert na Rasa waliandika kuhusu watoto wa mbwa wa polisi walioachwa wawatazame mama zao wakinusa na kutafuta dawa za kulevya, kati ya wiki ya 6 na ya 12, na walipopimwa wakiwa na miezi 6 walikuwa bora kuliko ambao hawakuona. Mama hakuwa anafundisha, alikuwa kazini kwake tu.

Sasa maua. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo dada. Udongo uliotoka kuchimbwa ni laini, una harufu mpya imetoka chini, wadudu wamesumbuliwa, kama umeweka mbolea ya samadi au ya mifupa ndo kabisa, na juu ya hapo pana harufu ya mikono yako. Mbwa hahitaji mwalimu wa kumshawishi achimbe hapo, amezaliwa na hiyo. Alafu wewe umeinama chini, uso uko karibu na uso wake, kwa mbwa hiyo ni kama umemwita mcheze. Jaribu hivi: siku moja mfungie ndani mahali ambapo haoni, chimba, panda, fukia, nawa mikono, alafu mwachie. Akienda moja kwa moja kufukua, basi kilichomwita ni udongo, sio wewe. Rudia mara mbili tatu ili usidanganywe na siku moja. Kama hafukui kabisa mpaka awe amekuona ukichimba, hapo ongea na mimi tena, manake itakuwa habari nyingine. Wakati huo huo mtengenezee kona yake ya kuchimba, laini, na hapo ndo uchimbe naye kwa makusudi, fukia kitu anachokipenda akiwa anakuona, mwite jina, mwache afukue. Kwenye maua weka mawe bapa juu ya udongo mpya kwa wiki chache za mwanzo.

Kuhusu kumfundisha kwa kuiga, ndio unaweza na nakusihi ujaribu, ila usitegemee aanze tu kwa kukuangalia. Kuiga kwa amri ni kanuni na inabidi kwanza aielewe. Awe tayari anajua matendo matatu kwa neno, matendo ambayo na wewe unaweza kuyafanya na yanayotofautiana sana, mfano kuzunguka ndoo, kupanda juu ya kiti kifupi, na kugusa chupa iliyosimama chini. Awe pia anajua kukaa akatulia mpaka aambiwe. Kama bado hajui kutulia anza na hilo, usiruke, manake mbwa anayeinuka katikati ya onyesho haoni kitu.

Basi unamkalisha, unasimama mbele yake kama hatua mbili hivi, unamwita jina mpaka macho yake yako kwako, unazunguka ndoo, unarudi pale pale ulipoanzia, unasimama wima umetulia, unasema "Fanya!" na hapo hapo unaongeza lile neno la zamani, "Zunguka". Akizunguka mpe kipande chake cha chakula na umsifie kwa moyo. Alafu kiti. Alafu chupa. Yachanganye bila mpangilio, hili wengi wanakosea, wanarudia tendo moja mara kumi na mbwa anajifunza kwamba "Fanya" maana yake ni zunguka ndoo basi. Siku zikienda unachelewesha lile neno la zamani kidogo kidogo baada ya "Fanya", sekunde moja, mbili, tatu, na kuna siku hatasubiri, utasema "Fanya" na yeye ameshaondoka kwenda kwenye kitu sahihi. Mi siku jike wangu wa kwanza alipofanya hivyo nilikaa chini pale pale nikamkumbatia, ilikuwa imetuchukua kama wiki tatu na nilishakaribia kukata tamaa.

Hapo unaliacha neno la zamani kabisa, unaleta matendo mengine matatu anayoyajua ambayo hujawahi kuyaunganisha na "Fanya", akiyapatia na hayo ndo unampa jipya ambalo hajawahi kulifanya, kama kusukuma droo au kutia soksi kwenye kikapu. Chagua vitu ambavyo mwili wa mbwa unaviweza. Akikosea usimkemee, kausha tu, mrudishe kukaa, onyesha tena taratibu. Dakika tano kwa mara moja zinatosha, mara mbili kwa siku. Fugazza na Miklósi waliilinganisha njia hii na ile ya kumlipa mbwa hatua kwa hatua kwa kidude cha kubonyeza kinacholia, na kwa vitu vyepesi havikupishana sana, ila kwa vitu vigumu vinavyohusu kushika na kusogeza vitu, mbwa wa kuiga walipatia haraka zaidi. Kwa hiyo kukaa na kulala fundisha kwa njia uliyozoea, kufunga mlango wa kabati tumia hii.

Kitu kimoja hukukiuliza ila lazima nikiseme. Mbwa anasoma kwako hata hisia. Watafiti wa Italia, Isabella Merola na wenzake, 2012 waliwawekea mbwa feni yenye utepe mwingi unaopeperuka, kitu cha kutisha kidogo, na mbwa wengi waligeuka kumtazama bosi wao kwanza. Bosi akionyesha furaha na kusogea, mbwa anasogea, bosi akionyesha hofu mbwa anarudi nyuma. Kwa hiyo kama mgeni akifika unashtuka na kuvuta kamba ghafla, usimlaumu mbwa akibweka. Habari ya kupiga miayo mkiwa mmekaa pamoja sitaisemea sana, kuna utafiti wa 2008 ambao mbwa 21 kati ya 29 walipiga miayo baada ya mtu, ila waliofuata wamepata majibu yanayopishana, usiitegemee kumpima upendo.

Turudi kwa kile kitasa maana hilo ndo la haraka, mbwa anayejua kutoka mwenyewe anaweza kuishia barabarani. Kila anapofanikiwa anazidi kujua, kwa hiyo cha kwanza ni kuhakikisha hafanikiwi tena kuanzia leo: weka komeo juu kabisa ambako hafiki, au geuza kitasa kisimame wima kama fundi anaweza, au weka kile cha duara cha kuzungusha, mguu wa mbwa hauna cha kushika hapo. Na ukifunga hilo komeo lifunge akiwa hayupo. Alafu mpe njia nyingine ya kuomba kutoka, ning'iniza kengele ndogo karibu na mlango, na kila unapotoka naye mwite jina, iguse kengele kwa mkono akiwa anakuangalia, ndo ufungue. Kwa mbwa anayekutazama kama huyu wako, siku chache utaisikia inalia. Ikilia mara za mwanzo nenda ufungue hata kama una kazi, asije akarudi kwenye kitasa.